Nyumba Moja, Wauguzi Watatu

Kaeni vizuri mnisikilize, maana mwishoni nitawaachia kazi.

Katika hospitali moja ya milimani, kwenye baridi ya mwaka mzima, walikuwapo wauguzi watatu wa wodi ya watoto njiti, wale waliozaliwa kabla ya wakati. Nyamizi alikuwa na jicho: wengine walipopita, yeye alisimama akatazama. Tusekile alikuwa na ulimi, hakuogopa kusema mbele ya yeyote. Chonya, mwanamume pekee wodini, alikuwa na mikono. Kitu kibovu kilimkera mpaka akitengeneze. Aliyewaongoza ni Matroni Sekela, mama mpole aliyechoka kutoa amri. "Wodi ni yenu," aliwaambia. "Mambo yake tutayaamua pamoja."

Siku hizo mama aliruhusiwa kumwona mwanawe saa za kunyonyesha tu, kisha anatolewa nje. Watoto walipoa vitandani, na wengine hawakuamka. Mara nyingi Sekela alirudi nyumbani akakiacha chakula mezani.

Siku moja mama mmoja alikataa kutoka. Alimfunga mtoto kifuani kwa kitenge, akasema, "Nifukuzeni, lakini mtanifukuza naye." Wauguzi wengine waliona ukaidi. Nyamizi aliona mtoto amepata joto na anapumua vizuri. Akawa anampima kila akiingia zamu, na uzito ukawa unapanda. Alipokuwa na hakika, akawaita wenzake. "Njooni mwone. Huyu hapoi."

Lakini amri ya kuwatoa akina mama ilikuwa ya daktari mkuu. Kwenye kikao, Tusekile akasimama.

"Daktari, tunaomba akina mama wakae na watoto wao mchana na usiku."

"Wakituletea maradhi je?"

"Tutawafundisha usafi. Likitokea baya, niulizwe mimi."

Waliokuwapo wakainamisha vichwa. Daktari akasema, "Jaribuni. Na kweli nitakuuliza wewe."

Ruhusa ikapatikana, mahali hapakuwapo. Chonya akawabembeleza wenzake waachie chumba cha kubadilishia nguo. Akaziba madirisha yaliyopitisha upepo. Akatoa stoo vitanda vilivyotupwa, akaviunga, akaviinua upande wa kichwani ili mama alale ameegemea na mtoto kifuani. Mapumziko yake yote yaliishia humo, akarudi kwake vidole vimechubuka.

Majira ya baridi kali yalipopita, wodi ilijaa vilio vya watoto wenye nguvu, na Sekela akasahau ni lini mara ya mwisho alipomfariji mama aliyefiwa. Daktari mkuu akafurahi mno. Kando ya hospitali kulikuwa na nyumba ya wafanyakazi iliyobaki wazi. Akasema apewe muuguzi mmoja wa wodi ile.

"Amueni wenyewe," akamwambia Sekela. "Mkishindwa mpaka Ijumaa, nitaamua mimi. Na tangu hapo, hata mambo ya wodi nitayaamua mimi."

Wote watatu walikuwa wamepanga vyumba bondeni, wakipanda mlima kwenye matope kila siku. Kila mmoja aliitamani nyumba ile, na hakuna aliyeficha.

"Nisingeona mimi," Nyamizi alisema, "leo tungebishania nini?"

"Ungeona ukabaki nalo moyoni," Tusekile akamjibu. "Aliyeweka kazi yake rehani ni mimi."

Chonya akauliza taratibu, "Na hao akina mama wangelala wapi, dada zangu?"

Wauguzi wa wodi wakapiga kura kwa kunyoosha mikono. Zilipohesabiwa, watatu wale walikuwa wamelingana. Wakarudia, zikalingana tena. Macho yote yakamgeukia Matroni, ambaye peke yake hakuwa amepiga kura.

Sekela alijua akisema neno, litakuwa amri, na amri ndizo alizozikimbia. Akinyamaza, kesho ni Ijumaa. Akamtazama Nyamizi, akaona anastahili. Akamtazama Tusekile, akaona vilevile. Akamtazama Chonya, hali ikawa ile ile. Akavuta pumzi, akaanza kuunyanyua mkono.

Mimi namwacha hapo hapo. Nyinyi mnaonisikiliza, kama mngekuwa Sekela, mkono huo mngeunyoosha kwa ajili ya nani? Na wale wawili waliobaki, mngewaambia nini?