Moto wa Kwanza wa Iluma

Hapo zamani, na msidhani ni zamani sana, palikuwa na mfalme wa Nsondo, nchi ya joto kule bondeni. Watu wake walikuwa wengi na mashamba yamewabana, basi akachagua kaya kadhaa, akaziamuru zipande milima ya Iluma zikalime kwa jina lake. Wakapanda. Iluma ni baridi. Nyinyi mnaojikunyata hapa kwa upepo kidogo mngelia. Tena haikuwa tupu. Walikuwapo wenyeji wake, wafuga nyuki, wakulima wa ulezi. Walowezi wakawasukuma hadi kwenye mianzi ya juu, wakajenga kwenye ardhi nzuri, na jambo hilo halikuwakosesha usingizi.

Sasa shikeni sheria ya Nsondo, maana kesi yote imelala humo. Kila mwaka, mwezi wa baridi ukiandama, kila nyumba huzima jiko lake na kumwaga majivu. Kisha tarishi wa mfalme huja na chungu cha makaa, na kila nyumba huchota moto mpya hapo. Anayewapa watu moto ndiye mwenye ardhi wanayolalia. Kwa hiyo kupekecha moto wako mwenyewe kulikuwa uasi. Walowezi walitii, watoto wao wakatii, wajukuu wakatii, mpaka hapakubaki hata mmoja anayejua kupekecha.

Mwanzoni moto ulikuja bure. Kisha ukaja kwa mbuzi. Kisha ukaja kwa ng'ombe. Kisha ukaja kwa vijana wa kwenda kufa katika vita ambavyo Iluma hawakuvijua hata kwa jina. Walitoa, wakanung'unika, wakatoa tena. Mwisho wakamtuma jumbe wao, Chengula, akaombe jambo moja: mtu wao mmoja aketi barazani kwa mfalme yanapoamuliwa mambo yao. Hawakuomba uhuru. Walijiita watoto wa Nsondo, na kusema kweli walimpenda mfalme wao.

Mfalme hakujibu. Mwezi wa baridi ukaandama, Chengula akapita nyumba kwa nyumba kuhakikisha majiko yamezimwa, akianza na lake. Wakamngoja tarishi. Hakuja. Wakala ulezi mbichi uliolowekwa, wakalala na mbuzi ndani wapate joto. Bado wakasema labda mito imefurika, labda tarishi anaumwa. Mtu akimpenda mkubwa wake humtafutia udhuru hata meno yakigongana.

Palikuwa na mjane, Nyalusi, mwenye mtoto mchanga anayekohoa. Huyu hakuzima. Alikuwa amefukia kaa moja kwenye kigae, akalifunika kwa majivu, akampashia mwanawe maji. Jirani akaunusa moshi, akaja kwa siri, akapewa. Naye akampa mwingine. Muda si muda Iluma nzima inaota moto wa wizi, na Chengula aliyejua akajifanya hajui.

Hapo ndipo tarishi alipofika, na askari, bila chungu. Kumbe alikuwa amekaa tu kwenye kivuko cha chini, akingoja watu washuke kupiga magoti. Akaona moshi. Akafuata moshi hadi kwenye kigae cha Nyalusi, akamgeukia jumbe.

"Nipe huyu mwanamke, kesho mtapata moto wa mfalme. Usiponipa, mwanao Lwitiko yuko kwetu. Unajua kitakachompata."

Ni kweli, Lwitiko alikuwa kule. Mtoto wa jumbe hulelewa Nsondo. Wao waliita malezi, mimi naita rehani. Chengula hakuwa na mwana mwingine. Alimtazama Nyalusi na kile kichanga mgongoni.

"Huyu mama simtoi," akasema. "Kamwambie mfalme kwamba huku Iluma hana mtu tena."

Askari wakamwaga maji kwenye kila jiko, wakaondoka. Baada ya muda ikaletwa shuka ya Lwitiko, imekauka damu. Nawaambia, siku hiyo ndiyo uasi ulizaliwa, si siku ya ng'ombe wala siku ya baraza. Watu waliokuwa wakimtetea mfalme asubuhi, jioni hawakutaka kulisikia jina lake.

Lakini hasira haipiki. Moto haupo, ukungu umeshuka, na askari wanajikusanya kivukoni. Walisugua vijiti mpaka viganja vikachubuka. Hawakujua hata mti gani unafaa. Kichanga cha Nyalusi kikafa, wala hakikufa peke yake.

Walipokuwa wakikizika, akashuka mtu kutoka kwenye mianzi. Jina lake Lugome, mmoja wa wenyeji waliofukuzwa. Babu yake alizaliwa palepale walipokuwa wakichimba kaburi. Hakusalimu. Alichutama, akatoa vijiti viwili mkobani, akapekecha, akapuliza, ukawaka. Akaacha kila mtu achote. Kisha akarudi juu, hakuomba kitu.

Walipopata moto walipata chakula, na walipopata chakula walipata nguvu. Askari walipopanda, walikutana na mawe yakiporomoshwa kwenye njia nyembamba. Wengi walikufa, wa huku na wa huku. Waliobaki wa Nsondo walirudi kwao, na mfalme, aliyekuwa na vita vingine vingi, hakutuma tena.

Basi Iluma ikawa huru. Mwaka ukapita, mwezi wa baridi ukaandama. Watu wakasema, safari hii tuzime wenyewe, tuwashe wenyewe, kupekecha tumekwisha kujua. Wakazima majiko yote. Wakapanga kuni uwanjani. Ndipo wakakumbuka kwamba hakuna aliyefuta sheria ya zamani: atakayewasha ndiye mwenye nchi.

Nyalusi akatoka mbele. "Mimi nilikataa kuzima wakati nyote mmetii. Bila kaa langu mngeshuka kivukoni kupiga magoti, na leo tungekuwa watu wa mfalme. Nimelipa kwa mwanangu."

Chengula akasema, "Kaa lako lilimwua Lwitiko. Ningekutoa, ningekuwa naye leo nyumbani. Sikukutoa. Watu hawa waliacha kuwa wa mfalme nilipotamka neno lile, si kabla."

"Na kichanga changu?" Nyalusi akamwuliza. "Nani aliyepita akizima majiko ya watu, jumbe?"



Lugome alikuwa ameshuka na watu wake, wamesimama pembeni, wamekonda wote. Akasema polepole, "Mimi niliwapa moto. Sheria ni yenu, si yangu. Kwa sheria yenu, mnalala kwenye ardhi yangu. Hata bila sheria yenu mnalala kwenye ardhi yangu."

Walowezi wakanung'unika. Wakasema, siku ile hukuomba kitu.

"Mlikuwa mnazika mtoto," Lugome akasema. "Ningewaombaje?"

Nyalusi akamsogelea. "Ulikuwa juu kwenye mianzi siku zote zile. Ulituona tukisugua vijiti. Ungeshuka jana yake, mwanangu angekuwa hai."

"Niliwaona," Lugome akasema. "Na mlipotufukuza, wa kwetu walikufa kwa baridi, na babu zenu walituona. Nilikaa nikijiuliza kama nishuke. Nilichelewa. Sitakuficha."

Watoto walikuwa wamebebwa uwanjani waone moto wa kwanza wa nchi yao, na wameanza kukohoa. Lugome alikuwa na vijiti vyake mkononi. Hakupekecha, wala hakuna aliyemwambia apekeche. Ukungu ukashuka ukawafunika wote, mwenye nchi na asiye na nchi, mtu asimwone jirani yake.

Nami naishia hapo, maana nimesimuliwa hadi hapo tu. Msiniangalie mimi. Wewe uliyekaa karibu na jiko, anza: Nyalusi aliyeficha, Chengula aliyekataa, Lugome aliyetoa. Watoto wanatetemeka na kuni ziko tayari. Je, nani alistahili kuwasha?