Mdomo Uliochorwa Jiweni

"Paukwa!"

"Pakawa!"

"Pakawa jiwe, juu ya jiwe Pimbi, kando ya Pimbi hakuna mtu."

"Maskini! Tupe habari zake!"

Haya, tulieni. Fisi alihamia bondeni. Akala, akala, mpaka wenyeji wakahama. Swala akaenda. Pundamilia akaenda. Twiga naye akaenda. Pimbi, na vile vijiguu vyake, angefika wapi? Akabaki peke yake, hana hata wa kumuuliza ameamkaje.

Upweke ukamuuma, akaanza kuwachora wenzake jiweni. Akamchora Swala, akampaka zambarau. Akamchora Pundamilia, akampaka wekundu wa moto. Akamchora Twiga, shingo imepinda kama moshi. Akawa anakula mbele yao, anawasimulia ndoto zake.

Siku moja, chopi, chopi, chopi! Fisi huyo.

"Pimbi, shuka nikule! Na hao wa rangi-rangi ni wanyama gani?"

"Wenzangu, bwana mkubwa. Nimewachora moyo unavyowakumbuka. Sasa ukinila, wewe atakuchora nani?"

Fisi akavimba kichwa. "Nichore! Mkubwa kuliko Twiga!"

"Fumba macho, basi. Rangi ikitazamwa mbichi haikauki."

Pimbi akachora, paka-paka-paka.

"Ongeza mdomo!" Akaongeza.

"Ongeza meno!" Akaongeza.

"Ongeza tena!" Akaongeza tena, mpaka mdomo ukaenea jiwe zima.

"Haya, fumbua."

Fisi akafumbua. Mate yakamkauka. "Mama wee! Nani huyu?"

"Mwenye jiwe. Ananiuliza nyama ya fisi huliwa kwa chumvi au bila."

Puruu! Fisi akavuka bonde, akavuka mlima, hakugeuka nyuma.

Pimbi akacheka mpaka akalala chali. Habari zikaenea. Asubuhi moja Swala akarudi, Pundamilia nyuma yake, Twiga nyuma yao. Pimbi akaruka kwa furaha.

"Karibuni! Karibuni nyumbani!"

Wakainua macho, wakauona ule mdomo. Puruu!

"Jamani, ni picha tu! Nimeichora mimi!"

Nani amsikilize? Vumbi tupu.

Pimbi akalia. Akachota maji ili aifute. Alipoinua mkono, ng'ambo ya mlima akamsikia Fisi anacheka. Akayaweka maji chini, taratibu.

Mpaka leo yuko pale, chini ya meno yale, na hakuna wa kumgusa.

Hadithi yangu imekomea jiweni; anayeitaka akaichukue, mimi sipandi. Na mkiulizwa fundisho, wanangu, semeni hivi: ukichora, chora vibaya.