Maji Yaitwa Barazani

Hapo zamani, katika mji uliojengwa ubavuni mwa kilima, alikuwapo fukara mmoja jina lake Mbwarali, ambaye watu walimdhania punguani kwa kuwa alilichukua kila neno kama lilivyosemwa. Nyumba yake ya udongo ilikuwa bondeni. Aliikandika yeye na mkewe, na mkewe alipofariki, alama za vidole vyake zilibaki ukutani. Mbwarali hakuwa na kitu kingine alichoogopa kukipoteza.

Basi tajiri Fumo Badi akataka kujenga kasri ndani ya korongo literemshalo maji ya mvua kutoka kilimani, akalijaza kifusi. Watu wa bondeni wakanung'unika kwamba masika yakifika, maji yatakosa njia na kuwaingilia majumbani. Lakini kilikuwa kiangazi, na mawaziri waliotumwa na Sultani kukagua walikirimiwa pilau juu ya kifusi, wakarudi wakisema hawakuona hata tone. Ikawa Sultani akaipitisha nyumba ya Fumo Badi ijengwe.

Mbwarali akaenda barazani kuyatetea maji, na baraza zima likamcheka.

"Tangu lini umekuwa wakili wa maji?" akauliza Sultani. "Mwenye malalamiko huja mwenyewe. Kayalete hapa yaseme. Masika yakiisha maji hayajafika, nitaibomoa nyumba yako, uache kutusumbua."

Mbwarali aliukumbuka ule ukuta, lakini akainama kwa adabu. "Nimesikia, Maulana. Ila aitwaye barazani huonyeshwa njia. Waniruhusu niyaonyeshe?"

"Yaonyeshe. Na yaingie kwa mlango wa mbele, yasije yakapitia jikoni kama paka."

Basi Mbwarali akashika jembe, akachimba mtaro kutoka ukingoni mwa kifusi, akaushusha hadi mlangoni pa Sultani. Walinzi walipomzuia, akawaambia ni amri, nao waliisikia kwa masikio yao wenyewe. Fumo Badi akapita na wapambe wake, akamuuliza kwa kejeli kama huyo mgeni wake angependa kutandikiwa na zulia.

"Zulia lipo huko aendako, bwana mkubwa," akajibu Mbwarali, akaendelea kuchimba.

Masika yakaingia. Siku ya baraza mvua ikashuka kwa kishindo, maji yakateremka kilimani, yakagonga ukuta mpya wa kasri, yakageuka kutafuta pa kupita, yakauona mtaro. Yakaingia kwa mlango wa mbele, yakavibeba viatu vya mawaziri vilivyoachwa kizingitini. Sultani akapandisha miguu kitini, mawaziri wakasimama juu ya mito ya kukalia, kila mmoja akimshika mwenzake kiuno.

Nyuma ya maji akaja Mbwarali, amelowa chepechepe, akasalimu. "Maulana, mlalamikaji amefika."

Sultani alitaka kukasirika, lakini amri ilikuwa yake, na baraza zima lilikuwa shahidi. Akauliza kwa sauti ndogo, "Haya, yasema nini?"

Mbwarali akainama, akatega sikio. "Yasema: 'Nyumba ya Fumo Badi mmeipitisha. Na sisi je, mmetupitisha wapi?'"

Sultani akacheka hata kilemba kikamlegea. Fumo Badi, aliyekuwapo barazani siku hiyo, naye amening'inia kwenye nguzo, akaona mambo yanamgeukia, akakumbusha kwamba neno la Sultani halirudi nyuma, na nyumba yake imekwisha kupitishwa.

"Halirudi," akasema Sultani. "Nyumba nimeipitisha, na maji nayo nayapitisha. Yapite palepale yalipozoea."

Basi ukuta wa juu wa kasri ukatobolewa, na wa chini ukatobolewa, na sebule ikachimbwa mfereji katikati. Mtaro wa Mbwarali ulifukiwa na mawaziri, nao walifanya kazi hiyo miguu mitupu, kwani viatu havikuonekana tena. Na Fumo Badi akaishi katika kasri lake hadi uzee wake. Kila masika akila ng'ambo hii na wageni wake wakila ng'ambo ile, wakipigiana kelele juu ya maji wapitishiane chumvi.