Nyumba ya Nyangoma Isiyo na Mlango

Niazimeni masikio, niwape ngano!

Nyangoma na mke mwenzake, Kokubanza, walikaa kwenye misonge, nyumba za nyasi tangu kileleni mpaka chini, milango ikitazamana kama ilivyo desturi. Msonge wa Kokubanza ulikuwa umeviringana vizuri mno. Nyangoma wivu ukamkaba! Akaita zimwi, akaketi ndani kuliamuru.

"Wangu uwe mpana kuliko wake!"

Ukatanuka.

"Uwe mrefu kuliko wake!"

Ukapanda.

"Sasa nisiuone wake tena!"

Zimwi likauziba mlango kwa nyasi, likaenda zake.

Kokubanza akaja mbio, akizing'oa nyasi kwa kucha. "Mwenzangu, uko hai?"

"Kwanza niambie," Nyangoma akajibu kutoka gizani, "wa nani mkubwa?"