Neno la Kuoshea Vidonda

Mnaambiana pole kutwa nzima bila hata kufikiri: kwa msafiri, kwa mgonjwa, hata kwa aliyejikwaa mbele yenu na wala si nyinyi mliomwangusha. Haikuwa hivyo tangu mwanzo. Zamani hizo, huku kwetu milima ya Upare, neno hilo lilikuwa la vidonda tu. Muosha vidonda alilitamka huku akimimina maji ya uvuguvugu juu ya nyama iliyochanika. Maumivu yasiyotoa damu hayakuwa na neno, na kisicho na neno watu wa enzi zile hawakukijali.

Sheria yao ilikuwa moja. Baragumu la msaragambo, kazi ya pamoja ya kijiji, likilia, kila mtu alishuka kuzibua mfereji wa maji. Aliyeumia alionyesha jeraha lake, akapumzika. Asiye na jeraha akibaki nyumbani alinyimwa zamu ya maji, shamba lake likakauka, na njaa ikawa yake peke yake.

Mwaka mmoja homa ilimchukua Mbonea, binti wa pekee wa mjane aitwaye Nakijwa. Watu walizika vizuri, wakaanua matanga, kila mmoja akarudi kwake. Nakijwa akabaki na mwili uliokataa kuinuka. Alijikagua kote, maana hata yeye alidhani lazima pawepo mahali palipochanika. Hakupaona. Maharage yake ndiyo kwanza yalikuwa yanatoa maua, na asubuhi moja baragumu likalia.

Basi akafanya jambo ambalo hakuwa amewahi kulifanya. Alipaka mkono wa kushoto udongo mwekundu, akaufunga kwa jani la mgomba, akaketi mlangoni wapita njia wauone. Msimcheke. Mtu aliyezidiwa hushika lolote lililo karibu.

Mgonja, mpiga baragumu, aliuona mkono ule, akamruhusu kupumzika. Majirani wakamletea uji, wakamfagilia uwanja. Lakini uji ule hakuumaliza, kwa sababu alijua wema ule ulikuwa wa jani la mgomba, si wake.

Jioni akaja Bibi Namkunda, muosha vidonda, na chungu cha maji. Nakijwa akauficha mkono nyuma ya mgongo.

"Lete mkono, mjukuu wangu. Maji yanapoa."

Jani likafunguliwa, udongo ukaoshwa, ngozi ikatokea nzima, haina hata mkwaruzo. Nakijwa akafumba macho akisubiri kelele. Hakuzisikia. Maji yaliendelea kumiminika taratibu juu ya mkono ule mzima, na Bibi akasema kama alivyowaambia wote walioumia: "Pole, mjukuu wangu. Pole."

Nakijwa hakuwa amelia tangu mazishini. Sasa akalia kwa sauti, mpaka Mgonja, aliyekuwa akipita, akaingia ndani.

"Mbona mkono mzima?" akafoka. "Kumbe ametudanganya! Maji hapati."

"Jeraha lipo," alisema Bibi, bila kuacha kumimina. "Ni la Mbonea. Mimi nimeliona, na bado naliosha. Ukitaka kumnyima maji, anza na mimi."

Mgonja ndiye aliyechimba kaburi la mtoto yule, na alikumbuka lilivyokuwa fupi. Akaweka baragumu chini, akapiga goti. Neno lile halikuwa lake, na kinywa chake hakikulizoea, lakini alilisema.

"Pole, mama Mbonea."

"Asante," akajibu Nakijwa. Ilikuwa mara ya kwanza neno lile kuitikiwa, maana wenye vidonda walikuwa wakiguna tu.

Kesho yake Mgonja mwenyewe alimfungulia maji, yakaingia shambani hadi kwenye tuta la mwisho.

Na tangu siku hiyo pole imekuwa ya kila mtu. Aliyefiwa huambiwa, aliyechoka huambiwa, hata anayetoka kazini mzima wa afya huambiwa pole na kazi. Hatuulizi ameumia wapi wala nani kamuumiza. Mimi nimezika wawili kutoka nyumba hii, na kila niliposikia pole mlangoni nilipata nguvu ya kuinuka nikawashe moto. Ndiyo maana nawashukuru Nakijwa na bibi yule, kama watu walionitendea mimi.