Ukili wa Kushoto

Hadithi hii nilipewa na shangazi yangu Mwanamkuu, siku aliyoniona nikimkataza binti yangu kusuka ukili wa mkeka kwa mkono wa kushoto. Mimi si msemaji, lakini nitajaribu.

Paukwa!

Pakawa! Kaeni karibu, mkeka unatutosha.

Hapo zamani za kale, katika kijiji kimoja, bibi harusi hakuingia kwa mumewe kabla ya kutaja mama watatu: aliyemzaa, aliyemzaa huyo, na aliyemzaa huyo tena.

Akaja Mejumaa, mkeka wake begani. Akataja, "Nimwaka," akaishia hapo.

"Endelea," akasema shangazi wa bwana harusi.

"Sijui wengine. Bibi yangu alikufa njiani wakati wa njaa. Mama alikuwa mdogo, alimwita Mama tu."

"Ala! Hata kifaranga humjua aliyemwatamia! Rudi ulikotoka."

Mejumaa akajitwika mkeka wake. Machozi tiri, tiri, tiri.

Mlangoni alikuwapo Bibi Nyamvula, mkongwe asiyeona. Mkeka ukamgusa. Akaushika. Vidole vyake vikatembea juu ya ukili, taratibu, taratibu.

"Nani kasuka huu?"

"Mimi, bibi. Nisamehe, umelalia kushoto. Watu hunicheka."

"Nani kakufundisha?"

"Mama."

"Naye?"

"Mama yake, kabla hajafa. Kushoto, kushoto, pinda! Ndivyo alivyomwimbia."

Bibi Nyamvula akaketi chini, pu!

"Nileteeni mkeka wangu wa kulalia."

Wakauleta, mkuukuu, umechakaa pembe. Wakaulaza kando ya ule mpya. Huu kushoto, na ule kushoto.

"Mama yangu Mbodze aliungua mkono wa kulia akiwa mtoto," akasema. "Akasuka kwa kushoto. Akatufundisha sisi wawili, mimi na dada yangu Mbeyu. Kushoto, kushoto, pinda! Njaa ilipoingia, Mbeyu aliondoka na bintiye mdogo, kamshika mkono. Mtoto huyo ni Nimwaka. Nimewangoja mpaka macho yamezima."

Akampapasa Mejumaa usoni. "Haya, mjukuu wangu. Taja."

"Nimwaka," akasema Mejumaa. "Nimwaka wa Mbeyu. Mbeyu wa Mbodze."

Vigelegele vikalia, lililili!

"Na wewe, mwenye vifaranga," Bibi Nyamvula akamgeukia yule shangazi, "hebu taja wako."

Yule shangazi akataja wa kwanza. Akataja wa pili. Akakohoa, kho, kho, akaenda kutazama wali jikoni.

Basi, wenzangu, msiucheke mkono wa mtu. Hamjui ni nani aliyeushika kwanza. Ukili wa hadithi yangu umefika ukingoni, nami naufunga hapa.

Nilimuuliza shangazi, "Na sisi tunatoka kwa nani?" Aliendelea kusuka, nami ndipo nilipoitazama mikono yake: ukili wake ulilalia kushoto.

Kesho yake asubuhi nililoweka miyaa ya kusukia ukili, nikamkalisha binti yangu miguuni pangu. Akanyoosha mkono wa kulia kwa woga. Nikaurudisha pajani pake taratibu, nikaushika ule mwingine.

"Kushoto, mwanangu," nikamwambia. "Kushoto, kushoto, pinda."