Salamu za Njege

Anayetaka kukohoa akohoe sasa, maana nikianza sirudii.

Mwaka huo mto ulikauka, samaki wakabaki kwenye kidimbwi kimoja. Alikuwemo Njege, samaki wa mistari na meno ya nje, mlafi tangu azaliwe. Alikuwemo pia Mama Perege, ambaye kama perege wote huwalea watoto wake kinywani. Alikuwa nao arobaini, wadogo kama punje za mtama, na siku kumi hakuwa amekula kitu wala kusema neno.

Njege akawatamani wale watoto. Mama akifumbua kinywa tu, atawapata. Lakini atamfumbuaje? Akafikiri, akacheka peke yake, akaenda kumsalimu.

"Mama Perege, hujambo?"

Kimya. Akasalimu mara tatu, kimya. Basi akazunguka kidimbwi kizima akilalamika kwamba amedharauliwa. Samaki wote walijua kilichomo kinywani mwa yule mama, lakini nani abishane na meno yale? Wakakata shauri: asiyeitikia salamu kesho asubuhi atatolewa majini, atupwe matopeni, walikosimama korongo wenye njaa. Waoga wakubwa hao!

Mama Perege akalia bila sauti. Ngogo akamwona. Huyu ni samaki mdogo, mjanja, sauti yake kama mlango mbovu, na ana miiba mitatu anayoisimamisha akikasirika. Siku hiyo alikasirika.

"Wewe funga kinywa," akamwambia. "Salamu yako nitaiitikia mimi."

Kulipokucha Ngogo akatibua tope mpaka maji yakawa uji mtupu, akajibanza chini ya kidevu cha mama. Njege akaja kistaarabu kweli kweli.

"Mama Perege, hujambo?"

"Sijambo, baba. Karibu."

Njege akajua kinywa kimefunguka. Hakungoja, akaruka, akadaka. Kumbe amemdaka Ngogo, miiba yote imesimama, mmoja kaakaani, miwili mashavuni. Kumeza hawezi, kutema hawezi.

Ngogo akauliza kutoka mle mle ndani, "Bwana Njege, hujambo?"

Njege akatoa macho tu. Akasalimiwa mara tatu, kwa upole kabisa, asiitikie hata moja. Samaki walicheka mpaka mapovu yakawatoka, kisha wakasema sheria ni sheria, wakamsukuma hadi ukingoni. Hapo Ngogo akalaza miiba yake, akachomoka, akarudi majini. Njege akabaki matopeni na korongo.

Mama Perege akafumbua kinywa, watoto wakamwagika wakicheza, naye akala mpaka akashiba.

Mchimba kisima huingia mwenyewe.